Abee ya tangini iliyotaka kumkatisha Semeni chuo

Saa sita mchana, jua la utosi, Semeni Uweso anashika ngazi ya chuma na kuanza kushuka tangini. Vinapotea viatu vyake vya mpira, inapotea kanga aliyojifunga kiunoni, mwisho kilemba. Kinachobaki juu ni kamba ya ndoo na mkono wa Bibiana, mwanafunzi mwenzake, ulioishika.

Chini hakuna neno. Unasikika ufagio wa chelewa tu ukikwangua ukoga ukutani. Kamba inatikisika. Bibiana anaivuta, anamwaga tope, anairudisha ndoo. Wasichana hawa, ambao kwenye foleni ya chakula wapishi huwaomba wapumzishe midomo, wakifika hapa huwa mabubu.

"Hapa hatuitani," Bibiana ananong'ona. "Ukimwita mwenzio, atajuaje ni wewe?"

Semeni yuko mwaka wa pili katika chuo cha kilimo kilichowekwa kwenye majengo ya shamba la zamani la mkonge, njia ya kwenda Pangani. Wenye shamba walichimba tangi chini ya uwanja wa ofisi zao, la kukusanya maji ya paa. Ni kubwa kuliko nyumba nyingi za Mwera, kwao Semeni. Kila mwaka kabla ya masika hukaushwa na kufagiliwa. Anayefagia huingia adhuhuri, kwa kuwa ndipo jua linapopenya tunduni hadi sakafuni. Pembeni halifiki.

Wanafunzi wasioweza kumaliza ada hupewa kazi za saa chache. Wengine hukamua ng'ombe, wengine hupanga vitabu. Tangi ndilo linalolipa vizuri, maana wengi wamelikataa.

"Ada ya muhula ni laki sita. Tangi linanikatia nne," anasema Semeni. "Mbili zinatoka kwenye makuti anayosuka mama. Nikiacha kazi, nimeacha chuo."

Na mwaka jana nusura aache.

Siku hiyo sabuni iliwaishia, Bibiana akaenda stoo. Semeni akabaki chini, ameinamia kona isiyo na mwanga. Ndipo akaisikia sauti nyuma yake, si ya juu tunduni, ya humo humo ndani:

"Semeni."

Akaitika, "Abee!"

Adabu ndiyo iliyomponza. Mtoto wa kike wa pwani hufundishwa abee kabla hajajua kutembea vizuri. Lakini hufundishwa pia kwamba ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, kwani kuitika ni kukubali.

"Nilivyosema abee, kukawa kimya," anakumbuka. "Kimya cha mtu anayekusikiliza. Nikapanda ngazi, sijui nilipandaje."

Alipotoa kichwa nje, Bibiana alikuwa ndiyo kwanza anatoka stoo, ng'ambo ya uwanja, sabuni mkononi.

Msimamizi wa kazi, Zebedayo, alicheka. "Huo ni mwangwi, binti."

"Mwangwi unarudisha, mzee," Semeni akamjibu. "Hauanzi."

Zebedayo hakucheka tena, ila kazi ni kazi. Alimwambia nafasi yake itamngoja hadi Ijumaa. Baada ya hapo atapewa mwingine, na asiyelipa ada hafanyi mtihani.

Habari zikafika Mwera. Mama yake, Sabra, akaja kumchukua siku hiyo hiyo. "Tukiikosa ada, nitabaki na mtoto," alimwambia mbele ya wenzake. "Nikipata ada nikakukosa wewe, nitamsomesha nani?"

Nyumbani, Semeni alikaa akizitazama siku zikielekea Ijumaa. Mama hakutaka kusikia. Alhamisi jioni akaenda kwa bibi yake, Bi Shadya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia umeposwa na tangi."

Kisha mzee akaacha utani. "Jina hilo nilikupa mimi," alisema. "Mama yako alikaa miaka hajazaa, mji mzima ukimsema. Ulipozaliwa nikasimama mlangoni nikawaambia: haya, semeni! Sasa niigizie. Lilikuita kwa kuvuta, kama mimi nikutakapo, Semeeeni? Au lilikata?"

Semeni akafumba macho. Akaigiza vile vile alivyosikia. Fupi. Zito. Kama mkubwa anayewageukia watu waliokaa.

Bi Shadya akamtaka arudie, akarudia vile vile.

"Hukuitwa wewe," akasema bibi. "Hilo lilikuwa likiwaambia wenzake waseme. Wewe umedakia tu maneno ya watu."

"Wenzake nani, mama?" akauliza Sabra, aliyekuwa amemfuata binti yake na kusimama mlangoni.

"Hayo si yetu. Ya kwetu ni kwamba mtoto hakuitwa, na asiyeitwa hadaiwi. Mwache aende."

Sabra akarudi nyumbani kumtafutia mwanawe nauli. Ijumaa asubuhi Semeni alikuwa mlangoni kwa Zebedayo, na mtihani akaufanya.

Mwaka huu amelirudia tangi kwa hiari. Haingii bila Bibiana, na haitikii mtu mpaka amwone uso, hata bwenini. Wenzake wanamtania kuwa anaringa.

Akimaliza Julai anataka kuwa bibi shamba wa kwao. Baba yake, aliyekuwa mkwezi, alianguka mnazini akavunjika nyonga, na hajafanya kazi tangu hapo. Semeni anataka kuotesha minazi mifupi, ambayo mtu huivuna amesimama chini. Miche ya kwanza tayari iko nyuma ya nyumba yao.

Sasa amepanda juu kupumzika, tope hadi magotini. Anatazama mawingu ya upande wa bahari. Imebaki kona moja tu, ile ya giza.

"Nataka mvua inikute nimemaliza," anasema, akiuchukua tena ufagio wake. "Bibi kaniambia wale wameambiwa waseme. Mpaka leo hawajasema. Siku wakianza, na wayakute maji, mimi wasinikute."