Kabati la Wanasesere

Mwalimu mkuu wa nasari yetu pale Kisugu hupiga makofi mawili, watoto wakaketi mikono magotini. Analosema, wao hulirudia. Ufunguo wa kabati la wanasesere huuvaa shingoni pamoja na msalaba, na huupapasa kila anapoongea na mzazi. Mimi ninayepika uji nilikuwa nikiwachezesha watoto uani, mpaka siku aliponiambia mbele yao, kwa ile sauti yake laini, "Mama Olal, kwani wewe ulisoma wapi? Rudi kwa sufuria zako."

Juzi walikuja wageni kuona kama watoto wanajifunza kwa kucheza. Akafungua kabati, akawafuta wanasesere vumbi, akawapanga mkekani. Nilisimama mlangoni na mwiko wangu, nikimtazama mjukuu wangu Ayot, ambaye kila jioni huniuliza kama yule mwanasesere mwenye nywele nyekundu atatolewa kesho.

"Haya watoto, chezeni!" akasema mwalimu mkuu.

"Haya watoto, chezeni!" wakaitikia wote, mikono magotini.

Vidole vyake vikaenda kwenye ufunguo. Sauti ya Ayot wangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.