Mama Aliondoka Nikiwa Mwambani

Mume wangu ndiye aliyenifumbua macho. Jioni moja, hapa hapa nyumbani kwetu Cheyo, nilikuwa nimebandika viazi vitamu, akaja akanikuta nimesimama mlangoni.

"Mama watoto, unamngoja nani?"

Nikamwambia simngoji mtu. Akacheka. "Kila ukichemsha viazi unasimama hapo, unaangalia njiani. Miaka yote."

Nikamwambia aache uzushi wake. Lakini mwiko nilikuwa nao mkononi, wala sikukumbuka nilivyotoka jikoni.

Wewe uliyekulia huku kwetu unayajua matobolwa: viazi vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke, vinakuwa akiba ya kiangazi na vitafunwa vya kulia na karanga. Bibi yangu kule Lusu alikuwa na chungu kikubwa, alikifunika kwa majani ya viazi hivyo hivyo, na mvuke wake ulikuwa na utamu wenye moshi kidogo. Tulianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Nilikuwa mdogo, hata meno ya utoto sijang'oa, na ufito wangu ulikuwa mrefu kunizidi. Bibi aliniita mke mwenzake kwa utani, akidai nimemnyang'anya babu.

Nililelewa naye kwa kuwa mama, aliyekuwa akiishi na baba mjini Tabora, alishika mimba nyingine, na kwetu mtoto akishaachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi ili mama apumue. Msimu ule alikuja kututazama, akakaa nasi siku kadhaa, akamenya viazi na bibi. Hayo nimesimuliwa. Siku ya kuondoka kwake, bibi alifanya kama wafanyavyo bibi wote, akamtorosha mama ili mimi nisione. "Mtoto akiona anaachwa atalia mpaka apate homa," ndivyo alivyozoea kusema. Akaniambia, "Mke mwenzangu, kimbia mwambani, mbuzi wanatumaliza." Nikakimbia na ufito wangu. Mbuzi hawakuwepo. Niliporudi, chungu kilikuwa kinachemka na mama hayupo. Nikaambiwa amekwenda kisimani, anarudi sasa hivi.

Sikulia. Nilie nini, na mtu amekwenda kuchota maji? Nilikaa mlangoni nikamngoja.

Mama alifia uzazini, yeye na mtoto, kabla viazi vya msimu ule havijaisha shambani. Akazikwa mjini. Mimi sikupelekwa, maana watoto hawakupelekwa misibani. Hakuna aliyenikalisha chini akanitamkia kwamba yule aliyekwenda kisimani harudi. Nikakua, nikaelewa mwenyewe kidogo kidogo, nikadhani yamekwisha.

Jirani yangu mwalimu, nilipomsimulia, alisema ubongo una mambo mengi unayoyafanya bila kumwarifu mwenyewe. Alisema harufu hupita njia ya mkato, ikafika kwenye huzuni kabla akili haijajua ni harufu ya nini, na miguu nayo ikafuata. Basi ndiyo hivyo. Mimi nimekubali kwamba mama amekufa, ila humu ndani kuna mtoto ambaye bado hajaambiwa. Nilimshukuru mwalimu, nikarudi kuepua viazi vyangu.

Inaniuma, ndugu yangu, sitakuficha. Simlaumu bibi, alinihurumia. Lakini angeniacha nilie siku ile, nikamshika mama kanga nikaburutwa hadi barabarani, pengine leo ningekuwa na sura yake. Sina. Nimejaribu kuikumbuka, naiona kanga tu, haina mtu. Picha yake haipo hata moja. Bibi naye amekwisha fariki, mwamba umepasuliwa kokoto, na vijana wa kule siku hizi hawayataki matobolwa, wanakula chipsi.

Na umri nao umenizidi ujanja. Mama alikufa bado kijana, mimi sasa kichwa kimejaa mvi. Akitokea leo njiani, vile vile alivyokuwa, hatanijua wala sitamjua. Ataniamkia shikamoo kwa adabu, nami nitamwitikia marahaba, nimwulize ni binti wa nani.