Krismasi Tuliyomngoja Baba

Juzi, nikipita Changamwe, niliona tawi la mvinje lililopambwa kwa pamba mlangoni pa kinyozi. Harufu yake ilinirudisha kwenye alasiri moja ya Krismasi utotoni mwangu. Baba alikuwa kuli bandarini, na hakuwa amerudi kutoka zamu ya usiku. Mtaani habari zilikuwa zimeenea kwamba kontena limeanguka na watu wameumia.

Mama aliendelea kupika. Jirani yetu, Bwana Salim, alikuwa ametuchinjia kuku kama kila mwaka, ili majirani Waislamu nao wale pilau yetu, kisha akaenda bandarini kuulizia. Mkewe, Bi Mwanaisha, alibaki nasi jikoni.

"Mama Neema, hebu weka mchi chini, upumzike."

"Bi Mwanaisha, wageni watakula mapumziko?"

Walicheka kidogo. Mama akatwanga bizari huku akiimba taratibu wimbo wa kuzaliwa kwa Yesu, uso umetulia. Niliamini Mungu amemnong'oneza kwamba Baba ni mzima, nikatoka kucheza.

Baba aliletwa jioni, mguu umefungwa bendeji.

Mwaka huu, nikitafuta ubishi wa dini kama kawaida yangu, nilimuuliza Mama alijuaje siku ile kwamba Baba ni mzima.

"Sikujua, mwanangu. Niliomba, moyo ukatulia kabla ya habari kufika."

"Na kama angekufa?"

"Ningelia sana. Na ningemwomba Mungu yuleyule."

Nimewabishia wachungaji wengi nikaondoka nimeridhika. Jibu la Mama nimelizunguka mpaka leo, sipati pa kulishika.