Kadi Isiyo na Jina

Waliokuwepo uani kwetu Gikondo Jumapili ile ni hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na sita, mdogo wetu wa kike, aliyekuwa na kumi, mzee jirani yetu, na mtungi wake wa pombe ya ndizi, vijana watatu wa chama cha zamani, kile kilichotawala peke yake miaka yote, ambao mmoja wao nilikaa naye dawati moja darasa la tano, na mbuzi jike mwekundu, aliyefungwa kwenye mti wa parachichi. Ninamtaja mbuzi kwa sababu naye ana sehemu yake.

Mama alitangulia kufariki, baba akafuata mwezi ambao vita vilianza kule kaskazini, Oktoba ya 1990. Baba alikuwa fundi wa magari, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwake na kwa madereva waliokuwa wakileta malori kutoka Bujumbura na Bukavu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Niliacha, nikaketi kwenye cherehani ya mama barazani, nikaanza kupindua kola za mashati ya watu.

Mzee ndiye aliyeleta mbuzi. Alikuwa mjane, hakuzaa, na maisha yake yote alikuwa utingo wa malori. Kwetu, anayepewa ng'ombe hurudisha ndama jike wa kwanza, na hapo ndipo watu wawili huwa wamefungamana kweli. Mzee hakuwa na ng'ombe. Alisema ameamua kufanya heshima ileile kwa mbuzi, na anayetaka kucheka acheke. Tulicheka sote, yeye wa kwanza. Mimi nikaahidi: mwana jike wa kwanza ni wako, Mzee.

Mbuzi akazaa dume. Mwaka uliofuata akazaa dume tena.

"Huyu mbuzi yuko kama wewe," Mzee akaniambia. "Bado hajaamua."

Maana mimi kweli sikuwa nimeamua. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na kila mtu mtaani alikuwa na rais wake mfukoni. Uchaguzi ulikuwa unakuja, tuliambiwa. Mwaka huu, kama si huu basi ule. Mara ya kwanza nilipopiga kura mgombea alikuwa mmoja tu, nikarudi nyumbani nikijiona sikufanya kitu. Kwa hiyo niliposikia sasa watakuwa wengi, nilifurahi kama mtoto. Nilifikiri kuchagua ni kama kwenda sokoni: unashika hiki, unashika kile, unanusa, unachukua kinachokufaa.

Nilikwenda kuwasikiliza. Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, nilivaa gauni langu zuri nikaenda uwanjani. Nilikuwa na swali moja tu, na nilitaka yeyote kati yao anijibu hata bila kuulizwa: mdogo wangu wa kiume amekaribia umri wa kupelekwa vitani, mtafanya nini ili asiende? Wa kwanza alizungumza saa mbili juu ya ubaya wa wa pili. Wa pili alizungumza juu ya ubaya wa wa kwanza, kisha wakagawa kofia. Wa tatu alikuwa na Kifaransa kizuri, na mkono mzuri wa kupungia watu, na alipomaliza sikuweza kukumbuka hata jambo moja alilosema. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Nilisimama katikati yao na mikono yangu miwili imening'inia, nikaona haya, kama mtu aliyekwenda matangani na machozi yakakataa kutoka.

"Umempata?" Mzee aliniuliza niliporudi Jumapili ya tatu.

"Sikumpata."

"Hata mwenye kofia?"

"Kofia yenyewe imeshonwa vibaya, Mzee. Inafumuka."

Alicheka hadi akakohoa. Lakini mimi nilikuwa na hasira, na hasira ile sijui kuieleza vizuri hata leo. Nililelewa kujua kwamba nikishika kitu, nimekishika. Nilishika wadogo zangu, nilishika cherehani. Nilitaka kushika mtu mmoja kati ya wale na kusimama naye, na kila nilipojaribu niliona anatazama juu ya kichwa changu, akihesabu umati.

Kutochagua nako kulikuwa hatari. Vijana wa vyama walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Nyumba isiyo na kadi iliitwa ya adui. Nyingine zilivunjwa milango, nyingine watu walipigwa mpaka wakaingia chama. Nikafanya nilichoona ni akili. Nilichukua kadi za vyama vyote vitatu, na hakuna hata moja niliyoijaza. Mahali pa jina niliacha patupu. Moja niliiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria ukutani, moja kwenye mkebe wa unga, moja kwenye droo ya cherehani. Akija wa chama hiki, kadi yake ndiyo ilipaswa kukaa nyuma ya Bikira Maria, pahali pa heshima. Nikiona wengine wanapandisha njia, ninabadilisha.

Mzee ndiye pekee aliyejua. "Iache tupu," aliniambia. "Mmoja wao atakapokuridhisha, utaandika jina lako."

Basi Jumamosi, kabla ya siku ninayoisimulia, walikuja watu wa chama cha pili baada ya umuganda, zile kazi za lazima za mtaa mzima. Nilibadilisha haraka, wakaona, wakaridhika, wakaenda. Nami nikarudi kwenye cherehani, kwa kuwa nilikuwa na sare za ubatizo za kumaliza. Nikasahau kuirudisha ya chama cha zamani mahali pake. Ni hilo tu. Nimejaribu miaka mingi kulifanya liwe kubwa kuliko hivyo, lilingane na kilichofuata, na halikui. Nilisahau kadi nyuma ya picha.

Jumapili tulikuwa tumeketi uani. Mzee alikuwa ameleta mtungi, maana mbuzi alikuwa amepandwa tena na yeye alitaka tumwombee mwana jike. Tulikuwa tunavuta pombe kwa zamu, mrija mmoja, mimi na yeye. Vijana watatu wakaingia bila kupiga hodi. Nilimtambua mwenzangu wa darasa la tano. Alikuwa na daftari.

"Dada, bado unashona?"

"Nitakula nini nisiposhona?"

"Tuonyeshe kadi, tusikucheleweshe."

Nikamwambia mdogo wangu wa kike, "Nenda kailete ile iliyo nyuma ya Bikira Maria." Nilisema kwa sauti, kwa kujiamini, nikitaka wajue nimeiweka wapi. Mtoto akaenda mbio, akarudi, akampa mwenye daftari mkononi. Nilipoiona rangi yake, rangi ya chama cha pili, ilikuwa tayari imeshafika.

Yule kijana aliigeuza, akaigeuza tena. Wenzake wakasogea. Mmoja akamtazama mdogo wangu wa kiume kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, na nikajua anachokipima.

"Haina jina," mwenzangu akasema. "Ni ya nani?"

Nikajisogeza mbele ya mdogo wangu wa kiume.

Mzee akatoa mrija mdomoni. "Hiyo iko yangu."

"Yako? Inafanya nini ndani ya nyumba ya watu?"

"Kwangu mabati iko na matundu. Karatasi yangu yote huyu mtoto ndiye anaitunza. Hata ya ubatizo iko humo ndani, kaitafute ukitaka."

"Mzee, wewe tangu lini una chama?"

"Tangu nilipochoka kukusikia wewe ukipiga kelele njiani."

Mmoja wao alicheka, kisha akajuta kucheka. Mwenzangu hakucheka. "Kama ni yako, andika jina lako."

"Mimi sijui kuandika. Andika wewe uliyesomeshwa."

Kijana alipapasa mifuko, hakuwa na kalamu. Akaiona ya kwangu, ile ninayoandikia vipimo vya wateja, imechomekwa kwenye nywele zangu. Akanyoosha mkono. Nami nikaichomoa, nikampa. Mzee akataja jina lake lote, la kuzaliwa na la ubatizo, bila haraka, na kijana akaliandika kwenye kadi, kisha akaliandika tena kwenye daftari. Akairudisha kadi kwa Mzee. Halafu akampiga kofi moja lililomwangusha kutoka kwenye kigoda, wakapindua mtungi kwa teke, wakaondoka. Kalamu waliichukua.

Nilimwinua. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa analia kwa hasira, na mdogo wetu wa kike alikuwa analia kwa kudhani ni yeye aliyekosea.

"Kwa nini, Mzee?" nilimuuliza. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

Alijifuta na kiganja. "Wewe hukuwa umemaliza kuchagua," akasema.

Kadi ile aliitembeza mfukoni tangu siku hiyo. Alifanya mchezo nayo. Akipita barazani anaitoa, anaibusu. "Mgombea wangu hata sura yake siijui," anasema, "lakini nasikia ana suti." Nilimsihi aichome. Alisema daftari haliwezi kuchomwa, kwa hiyo kuichoma kadi kuna maana gani? Mbuzi naye, katika mimba ile, alizaa dume la tatu.

Uchaguzi haukuja. Ulisogezwa na kusogezwa, na mimi niliendelea kutoamua, na mahali pa jina kwenye kadi zangu mbili zilizobaki paliendelea kuwa patupu. Mwezi wa pili wa 1994 mbuzi alizaa jike. Mwekundu kama mama yake, na alama nyeupe kwenye paji. Mzee alikuja akapiga magoti matopeni kumtazama. Tulikubaliana mwanambuzi amalize kwanza kunyonya, nimpeleke kwake baada ya Pasaka, kwa heshima zote, na pombe, na wadogo zangu wamevaa vizuri.

Pasaka ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Siku chache baadaye yalianza yale ambayo dunia nzima inayajua. Wauaji waliingia nyumba kwa nyumba wakiwasaka Watutsi, na pamoja nao watu wa vyama ambavyo havikuwa vyao, ambao majina yao walikuwa nayo daftarini. Asubuhi ya pili niliisikia sauti ya mwenzangu wa darasa la tano, ng'ambo ya ua wa Mzee. Alikuwa anasoma. Alilisoma jina lote, la kuzaliwa na la ubatizo, kwa utaratibu uleule lilivyotajwa uani kwetu. Nilisikia Mzee akiitika, "Niko hapa." Nilikuwa nimewalaza wadogo zangu chini ya kitanda, mikono yangu ikiwa imewaziba vinywa. Sikutoka.

Tulikimbilia Masaka, ile ya nje kidogo ya mji, kwa mjomba, na wadogo zangu wote wawili wakapona. Mbuzi na mwanawe tuliwaacha.

Niliporudi Gikondo mwezi wa nane, mti wa parachichi ulikuwepo, kamba ilikuwepo. Kwa Mzee nilikuta moshi wa jikoni. Mama mmoja aliyekulia Burundi, aliyerudi na watoto wanne, alikuwa ameipata nyumba ikiwa tupu akaingia. Matundu ya mabati alikuwa ameyaziba kwa matambara na udongo. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha Bujumbura, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza kama mwenye nyumba alikuwa ndugu yangu.

"Alikuwa jirani."

"Ulikuwa unamdai, dada? Maana sisi hatukukuta kitu humu. Kigoda tu."

"Hapana," nikasema. "Yeye ndiye ananidai."

"Anakudai nini?"

"Mbuzi. Jike."

Alinitazama akinionea huruma. "Hakuacha mtoto?"

"Hakuacha."

Akamweka vizuri mtoto aliyekuwa mgongoni. "Sasa utamlipa nani?"

Nilimrudishia kikombe, nikamshukuru kwa maji.