Mteja wa Meza ya Tisa

Shemeji yangu Loizos ni mtu mbaya. Nasema mapema, asije mtu akadhani mwishoni nitamtakasa. Nimempikia miaka kumi na tisa katika mkahawa wake hapa kisiwani, mjini Limassol, tangu kaka yake, marehemu mume wangu, aniache, na miaka yote hiyo sijamwona akimhurumia hata paka.

Mwanafunzi aliyekuwa akituoshea vyombo aliitwa Nirjala Tamang, Mnepali, mfupi, msichana wa miaka ishirini na tatu. Alikuja kusomea usimamizi wa hoteli. Kibali chake kilimruhusu kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, basi. Zikizidi akakamatwa, kadi ya ukaazi imekwenda na yeye anapandishwa ndege. Waliotunga sheria hiyo wanasema ni ya kumlinda mwanafunzi, apate muda wa kusoma. Nyoo! Muulizeni Loizos imemlinda nani.

Kwenye mkataba aliandika ishirini. Jikoni alimfanyisha arobaini. Siku ya kwanza Nirjala alipokataa, Loizos alimwekea mkono begani kama baba yake mzazi. "Binti, wiki iliyopita umefanya saa thelathini. Hilo kosa ni lako. Mimi nitalipa faini, nitanung'unika, nitalala kwangu. Wewe utalala wapi?"

Tangu hapo alikuwa naye mfukoni. Kila alivyomzidishia saa, ndivyo msichana alivyozidi kuwa mkosaji, na ndivyo alivyozidi kumwogopa.

Wakaguzi wa kazi walikuwa na mazoea ya kupita bila taarifa, na sisi tulikuwa na mazoea yetu. Loizos akiona gari lao, anagonga chupa kwa kijiko mara mbili. Hapo mwanafunzi yeyote aliyemaliza saa zake anavua aproni, anatoka jikoni na kuketi meza ya tisa, ile ya karibu na choo, nami nampakulia sahani. Keshakuwa mteja. Wakaguzi wakiondoka, anarudi kwenye sinki na sahani ile ile anaiosha mwenyewe. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Ndiyo, nilicheka.

Sasa sikilizeni habari ya ile Ijumaa. Nirjala alikuwa na mtihani wake wa mwisho saa nane mchana. Chuo kilikuwa kimeshamwonya kwa utoro, na utoro wenyewe aliufanyia kwenye sinki letu. Akikosa mtihani ule, anafutwa chuoni, na asiye na chuo hana kibali. Ruhusa aliiomba mwezi mzima kabla. Lakini siku hiyo tulikuwa na karamu ya ubatizo, watu themanini.

"Bosi, saa saba naondoka," alisema asubuhi.

"Nenda tu," Loizos akajibu, akichokonoa meno. "Ukifika mlangoni nawapigia simu uhamiaji, nawatajia saa zako zote. Uone kama watakuuliza maswali ya mtihani."

"Nimesoma miaka mitatu, bosi!"

"Na vyombo vya watu themanini vitaoshwa na nani?"

Msichana akanigeukia mimi. "Mama Maroulla, mwambie basi. Wewe ni shemeji yake, atakusikia."

Nilikuwa nageuza nyama ya kondoo kwenye tanuri. Sikumtazama. "Vumilia, binti yangu," nikamwambia. "Mitihani haiishi." Nami nina binti, Evanthia, anasoma Ugiriki, na kila mwezi nilikuwa namtumia jibini ili asisome na njaa.

Saa sita na nusu ukumbi umejaa, mtoto aliyebatizwa analia, mara chupa ikagongwa. Nirjala akavua aproni, akaenda kuketi. Mkaguzi aliingia na mkoba kwapani, mwanamke mnene wa nywele fupi. Nikachungulia kwenye dirisha la kutolea chakula. Msichana alikuwa amesahau kubadili viatu. Alivaa vile vyeupe vya mpira vya jikoni, vimelowa, kisigino kimoja bado kina povu.

Mkaguzi naye aliviona. "Huyu ni nani?"

"Ni mfanyakazi wetu, mama, lakini saa zake ishirini zilikwisha Jumatano," Loizos akasema mbio mbio. "Leo ni mteja. Anapenda sana nyama yetu."

"Mteja kwa viatu hivyo?"

"Vijana wa siku hizi, mama, nani anaijua mitindo yao!"

Mkaguzi hakucheka. Akatoa karatasi. "Andika hayo uliyosema, utie sahihi. Nikigundua ni uongo, naanza na leseni yako."

Loizos aliandika, jasho likimtiririka. Nirjala alikuwa akitafuna polepole, macho kwenye karatasi ile mpaka sahihi ilipowekwa. Kisha akainua kidole kimoja.

"Mhudumu! Nyama imekauka. Mwambie mpishi wako."

Loizos akainama kama mhudumu. "Samahani, bibie."

"Na maji ya baridi, haraka. Nina mtihani saa nane."

"Mtihani?" mkaguzi akauliza. "Na bado umekaa? Au kuna mtu anakuzuia?"

"Nani amzuie?" Loizos akadakia, akakimbilia mlango wa mbele na kuufungua yeye mwenyewe.

Nirjala akapangusa midomo, akatoka na viatu vyake vya povu. Alipofika barabarani alikimbia.

Sijui mkaguzi yule alikuwa mwema au mvivu. Watu wa ofisi siwapendi. Ninachojua ni kwamba Loizos hakupiga simu popote. Awaambie uhamiaji nini, wakati karatasi ya kwamba msichana hakuzidisha saa imelala mkobani mwa mkaguzi na sahihi yake mwenyewe? Alikuja jikoni amevimba, akaninyooshea kidole. "Shemeji, sinki lile pale."

Vyombo vya watu themanini niliviosha mimi.

Jumatatu Nirjala alifuata viatu vyake vya kutembelea. Nilikuwa nimevipangusa, nimevitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mkate na jibini.

"Binti yangu! Mtihani ulikwendaje?"

Alitoa mkate na jibini, akaviweka mezani. Akavaa viatu vyake. Vile vya mpira alikuwa amekuja navyo, akaviweka chini mbele ya miguu yangu.

"Evanthia naye ungemwambia avumilie?"

Akatoka kwa mlango wa mbele. Loizos hajaajiri mwingine mpaka leo, anasema wanafunzi wana balaa. Sinki ni langu, na viatu vile vinanienea.