Dole Gumba Juu ya Rezini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kugusa. Nilipaka rezini, gundi ya maji inayoganda ngumu kama kioo, kwenye kifuniko cha kioo cha pembeni cha gari, halafu kila baada ya dakika chache nikawa naweka kidole kuona kama imeganda. Mara ya nne au ya tano ikaninasa. Dole gumba langu likabaki pale na mistari yake yote, katikati ya kitambaa cheusi cha kaboni, kama mtu asiyejua kuandika aliyeambiwa atie sahihi.

Kazi yenyewe nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu wa nchi za baridi. Unabandika kitambaa cha kaboni juu ya kifaa cha plastiki, unakipaka rezini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, unangoja, unapiga msasa, unapaka tena, mpaka nyuzi zionekane kama ziko chini ya maji. Mwisho unapuliza klia, ile rangi isiyo na rangi, ili ing'ae na jua lisiifanye iwe ya manjano. Wao walisema ngoja siku nzima. Joto la hapa kwetu Voi halingoji hivyo. Siku moja nilichanganya saa saba mchana, kikombe kikafuka moshi mkononi mwangu. Nikakitupa uani, kuku wakatawanyika.

Kuku hao walikuwa na haki ya kulalamika, maana banda lao ndilo nililogeuza karakana. Mama aliniachia. Baba, anayelima nyanya kule milimani Ronge, hakupinga, ila alisema msimu ukiisha sijamkabidhi mtu hata kazi moja, nipande mlima nimfuate tulime. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Vifuniko vile, jozi moja, vilikuwa vya mfanyabiashara wa Bomeni, kule Taveta, mzee anayepitisha vitunguu kutoka mpakani hadi Mombasa. Aliniachia Jumatatu akishuka. Angevichukua Jumamosi akirudi.

Ile alama ya dole ilitaka kusawazishwa kidogo tu na kupakwa tena. Mimi nikaisugua nusu siku kwa hasira. Msasa ukapita rezini, ukala kitambaa, pakabaki baka la kijivu. Nilikaa chini nikalia, siwezi kuficha. Nilikuwa nimebakiwa na kipande kimoja tu cha kaboni.

Nilikibandua kile kilichoharibika nikaanza upya. Safari hii niliandika saa ya kuchanganya kwenye kipande cha tepu, nikaongeza chini yake saa ya kurudi, nikakibandika ukutani, kisha nikaenda kumchotea mama maji ili mikono iwe na shughuli. Rezini ikaganda vizuri. Ikabaki klia, na adui wa klia hapa kwetu ni vumbi jekundu. Ijumaa asubuhi mama alinikuta nafagia banda kwa nguvu, hewa yote imekuwa nyekundu.

"Unafagia ama unapanda vumbi?"

"Nasafisha, mama."

"Nani alikufunza kufagia pakavu? Hiyo simu?"

Akachukua kopo, akanyunyiza maji sakafuni kwa vidole, kama anavyofanya uani kila siku kabla ya kushika ufagio. Nimekua nikimwona akifanya hivyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Vumbi likatulia. Nikalowesha na kuta, nikangoja hewa itulie, nikapuliza kabla upepo wa mchana haujaanza.

Jioni, kwenye kifuniko cha kushoto, nikaona punje moja ya vumbi imenaswa ndani ya klia. Ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Nikashika msasa. Nikauweka chini. Nikaushika tena. Mwishowe nikamkusanyia mama karatasi zote za msasa nikamwomba azifiche.

"Nizifiche mpaka lini?"

"Mpaka mzee wa vitunguu aende zake."

Alipofika Jumamosi sikumpa nafasi hata ya kuvishika. "Mzee, cha kushoto kina vumbi. Hapa."

Akavaa miwani, akakisogeza karibu, akakiweka mbali. "Wapi?"

"Hapa, karibu na ukingo."

"Kijana, wewe ni fundi ama daktari wa macho?" Akapitisha ukucha juu yake polepole. "Gari lenyewe limekula vumbi tangu nitoke Taveta Jumatatu, na wewe unanionyesha punje moja. Haya, funga."

Nikavifunga vyote viwili kwenye gari. Alipoondoka nilimpigia baba.

"Kazi imetoka?"

"Imetoka."

"Basi kaa huko huko. Nyanya zangu ungezimaliza kwa kuzigusagusa."

Bado naona makosa ambayo wengine hawayaoni, na kile kifuniko cha kushoto nakikumbuka mara nyingi kuliko cha kulia. Lakini sasa nanyunyiza maji kabla ya kufagia, na rezini siigusi mpaka saa niliyoandika kwenye tepu ifike.