Kĩrumi Si Wosia

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Wakalimani alitupa kanuni moja: mkalimani ni bomba, maji yaingiayo ndiyo yatokayo. Nikaiandika daftarini. Mimi niliacha shule darasa la saba, wazazi walipofariki, niwalee wadogo zangu. Sikuja Toronto kubishana na wakubwa.

Nilianzia zahanati ya St. James Town, nikahamishiwa mahakamani Brampton, kisha hospitali moja ya Agincourt. Huko ndiko nomino moja ya Kikuyu ilikonichosha kuliko kesi zote.

Mzee kutoka Nyeri alikuwa mahututi. Mwanawe, Kamau, alitaka kuuza shamba lenye makaburi ya familia. Mzee akamwambia anamwekea kĩrumi asiuze. Kamau, aliyekulia huku bila kujua Kikuyu, akanigeukia nimtafsirie. Msimamizi, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa amekuja kunikagua. Akaninong'oneza kwa Kiswahili nitafsiri kuwa ni wosia, tuendelee.

"Wosia hupingwa mahakamani," nikasema. "Hiki hakipingwi."

"Basi sema laana."

"Laana ni ya hasira. Huyu anampenda mwanawe."

"Dada, unalipwa kutafsiri, si kuhubiri."

Nikahubiri. Nilimweleza Kamau kwamba kĩrumi kimetokana na kũruma, yaani kutukana au kulaani, lakini hakipigiwi kelele. Mzazi anayeaga hukitamka taratibu, kwa sauti ya chini, na huwa ni katazo ambalo anayelivunja hupatwa na balaa. Baba yangu aliniachia changu: nisiwatawanye wadogo zangu. Sikuwatawanya.

"Nani anaweza kukiondoa?" Kamau akauliza.

"Aliyekiweka. Akiwa angali hai."

Msimamizi akatazama saa yake, akaguna. Kamau akamsihi baba yake akiondoe. Nikatafsiri. Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa. Kamau akapiga magoti na kuahidi kwamba hatauza. Ndipo mzee akamtemea mate viganjani, ambayo kwetu ni baraka. Muuguzi akaja mbio na vitambaa vya dawa.

"Mwambie muuguzi aiache mikono ya kijana," Msimamizi akaniambia, kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyemwita.

Sasa nimestaafu. Wakalimani wapya hunipigia simu wakitaka maana ya kĩrumi kwa neno moja, upesi, mteja anasubiri. Nawaambia waombe kiti kwanza, na wao hukasirika.

Kamau hajauza. Kodi ya ardhi inamkera, majirani wanasogeza ua, na kila akinitembelea hulalamika kwa Kiingereza tangu mlangoni. Namwekea chai, namwacha alalamike.